Majina Yasiyo na Jamaa

Kijana mmoja wa Kambu amenitumia ujumbe kwa simu. Anataka nimpe jina Penelopi, amvishe mwanamke mpumbavu kwenye klipu zake za kuchekesha. "Ni la bure tu, Mama," ameandika, "si ulilitoa kwa Wayunani?"

La bure! Nimeusoma ujumbe huo, nikavaa miwani nikausoma tena, na neno likawa lile lile. Tangu hapo sijatulia. Nimeosha sufuria iliyokuwa safi. Basi nimeamua kuwaandikia nyote mnaotunga vichekesho vya simu huku Makueni na kule Kitui, na jibu la yule kijana litakuja mwishoni, kwa sababu jibu likitangulia hamtasoma. Hilo nilijifunza kazini.

Kwa wasionijua: mimi ni Mwikali wa Mbumbuni, wengine huniita Mama Vijitabu. Nilitunga hadithi za kuchekesha nikazipiga taipu juu ya karatasi ya stensili, ile yenye nta, ambayo ukikosea herufi unapaka dawa nyekundu, unapuliza, unasubiri, unapiga tena. Halafu unazungusha mashine kwa mkono mpaka bega linaanza kukudai pole. Ikaja fotokopi, ikaja kompyuta, nikastaafu. Lakini kuuza hakukubadilika. Nilisimama Kambu pale mabasi ya Mombasa hutua ili abiria wanywe chai, nikapanda juu ya kreti ya soda, nikasoma nusu ukurasa kwa sauti. Dereva akipiga honi, nafunga kitabu. Mtu amebaki na mwizi juu ya dari na basi linaondoka! Hapo mikono inatoka madirishani yenyewe.

Sasa mnaelewa kwa nini jina lilikuwa kazi. Jina la mtu wa kuchekesha ni lazima lipite kwenye kelele ya injini, lifike kiti cha nyuma na likae kwenye ulimi wa mtu ambaye hajawahi kulisikia. Na zaidi ya hayo, lisikuletee watu nyumbani.

Hilo la mwisho nilifundishwa na Mzee Nzioka wa Kasikeu.

Mpumbavu wangu wa kwanza nilimwita Nzioka. Alimuuza punda ili anunue mkokoteni, kisha akakaa nao barabarani akishangaa mbona hauendi. Barabara nzima ilicheka. Nilikuwa bado nakula hicho kicheko wakati mzee mmoja mrefu alipoingia uani kwangu, amemshika mkono mjukuu wake.

"Mimi punda wangu nimemuuza lini?" akaniuliza.

"Si wewe, mzee. Ni wa hadithi."

"Wa hadithi anaitwa nani?"

"Nzioka."

"Na mimi naitwa nani?"

"Nzioka, mzee."

"Na huyu?"

Mtoto akajibu mwenyewe, kwa sauti ya shuleni: "Nzioka!"

Mnajua hii mila ila mmeanza kuisahau, kwa hivyo niseme. Kwetu mtoto akipewa jina la babu, babake mwenyewe humwita "tata", yaani baba, na hamkaripii ovyo, maana anamkaripia mzazi wake. Bibi mzaa baba naye huzaliwa tena kwa mjukuu wa kike, na baba mzima mwenye ndevu atamwita yule mtoto mchanga "mwaitu", mama yetu. Jina lina mwenyewe, na mwenyewe ana ukoo. Mimi nilimcheka Nzioka mmoja wa karatasi, kumbe nimemcheka babu na mjukuu na kila aliye katikati.

Mzee alitaka mbuzi. Nikashuka hadi kuku. Akapanda hadi mbuzi mwenye mimba. Nikamwambia, "Mzee, huku ni kupatana gani, mbona unaenda juu?" Akasema ameona ninapenda kupatana, hataki kuninyima raha. Mwishowe tulikubaliana niandike hadithi ya pili ambamo Nzioka anamrudisha punda wake, tena akiwa na mtoto. Niliandika. Kilikuwa kitabu kizuri kuliko cha kwanza, lakini sikumwambia.

Baada ya hapo nikaanza kuomba ruhusa kabla ya kutunga. Usijaribu. Nilizunguka soko la Mbumbuni nikiuliza, "Nikutumie wewe?" Kila mtu alitaka kuwa chifu. Nilipata machifu wa kutosha kijiji kizima, na hakuna hata mwizi mmoja wa kuwakimbiza.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Mulwa. Alikuwa amestaafu ualimu, anafuga nyuki, na alizipenda hadithi za Wayunani wa kale kama wengine wanavyopenda siasa. Alinikuta Kambu nimekaa juu ya kreti, mikono mitupu.

"Shida yako ni jamaa," akasema. "Tafuta watu wasio na jamaa."

"Ukambani? Mwalimu, huku hata mbwa ana binamu."

"Basi toka Ukambani. Chukua Wayunani."

"Wana mjukuu Kasikeu?"

"Hawana."

"Na Kitui?"

"Mwikali, hata Kitui."

"Mwingi je, kule mbele kabisa?"

"Mwikali!"

Nilikuwa nahakikisha tu. Akaanza kunisimulia, na mimi chai ikapoa mkononi, kwa sababu niliona mara moja kwamba hawa watu nawajua! Yule anayesukuma jiwe mlimani, likifika juu linarudi chini: si ndiye kijana wa mkokoteni wa maji anayepanda kilima na mitungi inayovuja, akifika juu anashuka kujaza tena? Nikamwita Sisifo. Yule aliyesimama ndani ya maji na matunda juu ya kichwa, akinyoosha mkono yanakimbia? Huyo ni mlinzi wa shamba la maembe aliyekatazwa kuonja. Tantalo. Yule mzee anayevusha watu mto kwa malipo, na asiye nacho anabaki ng'ambo? Asi! Msimu wa mvua, mito yetu ya mchanga ikifurika ghafla, kuna wanaume hubeba watu mgongoni kuwavusha, na hupandisha bei katikati ya mto. Karoni. Huyo sikubadilisha kitu isipokuwa kumvua mashua.

Na yule mwenye macho mia moja anayelala kwa zamu, jicho hili likifumba lile liko wazi? Nilimfanya bawabu wa duka aliyejifunga tochi mwili mzima, zote hazina betri. Argo. Mpaka leo kuna watu wazima Kambu wakiona bawabu amesinzia husema, "Argo yuko kazini," na hawajui kama ni Myunani. Hawahitaji kujua. Shikeni hapo, kwa sababu ndipo siri ya kazi ilipo: hadithi ni lazima imchekeshe asiyelijua jina. Anayelijua acheke mara ya pili, hiyo ni nyongeza, kama mama wa soko anavyokutupia kitunguu kimoja juu ya vile ulivyolipia. Ukitegemea nyongeza peke yake hujauza kitu.

Na jambo lingine. Usianze na jina. Anza na taabu ya mtu wako, uitazame mpaka uijue, ndipo uende kwa Wayunani uulize, "Nani kati yenu aliwahi kupatwa na hii?" Kuna mmoja. Kuna mmoja kila mara. Nilikosea siku moja nikachukua jina kwanza, kwa kuwa lilinipendeza, nikamwita fundi viatu Apolo. Nilikuwa nimesahau wazee wa kanisa. Akina Apolo wako tele, wamebatizwa kwa Maandiko, na mmoja alikuwa fundi viatu. Tukapatana. Nilirudi na viatu vyake vilivyokosa wa kuvinunua, vinanibana hadi leo.

Kanisani pia niliitwa. Nilikuwa nimeandika kuhusu mwenyekiti wa kamati ya maji anayenguruma mikutanoni kama radi, na tangi lake kavu. Zeu. Pasta akaningoja mlangoni.

"Mama Vijitabu, huyo Zeu si mungu wa sanamu?"

"Ndiye, Pasta. Ndiyo sababu ananguruma na mvua hainyeshi. Ungetaka inyeshe?"

Akafikiri kwa haki kabisa. "La, hapana. Endelea hivyo hivyo. Lakini asije akashinda."

"Hajawahi kushinda, Pasta."

"Uniwekee nakala."

Nilidhani basi nimefika. Majina yasiyo na jamaa, yasiyo na mbuzi! Nilijiona mjanja wa barabara nzima ya Mombasa. Ndipo nikaandika Penelopi.

Kwa Wayunani huyo ni mwanamke ambaye mumewe alikwenda mbali na kukawia kurudi. Wanaume wakajazana kwake wakitaka kumwoa, wakila mali yake huku wakisubiri jibu. Akawaambia: nikimaliza kufuma nguo hii nitachagua mmoja wenu. Mchana anafuma, usiku anafumua. Mwalimu Mulwa aliponisimulia nilipiga paja. Nguo ya nini? Huyo anasuka kiondo, kikapu chetu cha mkonge! Nikamweka Kasikeu, mume amekwenda Mombasa kutafuta kazi bandarini, wachumba wamekaa uani wanamaliza mbaazi na muthokoi wake, yale mahindi ya kutwangwa, na kila jioni wanapima kiondo kwa macho: "Mbona hakipandi?" Naye anajibu, "Mkonge wa mwaka huu ni mfupi."

Wanawake waliangua! Kasikeu ni kwa wasukaji, na kila kikundi kilitaka kijitabu hicho kisomwe wakiwa kazini. Kikundi kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha Susu Syombua. Susu ni bibi, na huyu alikuwa bibi wa soko zima: akikubali kitu kimekubaliwa, akikataa hata mwenye gari la matangazo huzima spika.

Mkaza mwanawe, Mwende, alikuwa mjamzito wakati huo, na alisoma Penelopi mpaka kurasa zikatoka kwenye pini. Akajifungua msichana, wa kwanza. Kila mtu akajua jina: Syombua, bila mjadala. Mwende akasema, "Ataitwa Penelopi."

Nilipata habari kwa Kyalo, mumewe, aliyekuja Mbumbuni na uso wa mtu aliyeingia katikati ya ng'ombe wawili. Mamake amekataa kuingia nyumbani mwake. Hajambeba mtoto hata mara moja. Mwende hataki kuzungumza. Mtoto hana jina, wanamwita "mgeni". Na Susu amesema hivi: aliyeleta hilo jina aje alieleze mbele yake, na kama hana maelezo, kijitabu chake kisionekane tena mikononi mwa msukaji yeyote wa Kasikeu.

"Njoo, Mama," Kyalo akaniambia. "Wewe unajua kupatana. Mimi kila ninachosema nimemkosea mmoja."

Nikaenda. Nilikuta Susu Syombua amekaa nje ya nyumba ya mwanawe, nje kabisa, kiti kimewekwa upande ule wa ua ambao si wa Kyalo. Anasuka. Mwende amesimama mlangoni na mtoto. Katikati hatua chache tu, na hakuna aliyezivuka.

"Mwaitu," nikamwamkia, nikakaa chini.

"Hilo jina ni la nani?" akaanza. Hakuniambia hata pole ya safari.

"La mwanamke wa Wayunani, mwaitu."

"Ukoo gani?"

Jamani! Nilikuwa nimelichagua kwa sababu hiyo hasa, kwamba halina ukoo. "Hapa hana ukoo," nikasema.

"Hana." Akaiambia sindano yake. "Na Kyalo atakuwa anamwita mtoto 'mwaitu'. Mwanangu niliyemzaa mimi atakuwa anaita Myunani mama."

Kyalo akatazama mbuzi. Hakukuwa na mbuzi, alitazama tu upande huo.

Nikaingia kupatana. Nikatoa Penelopi kanisani na Syombua nyumbani. "Mtoto si muwa," akasema, "wa kukatwa pingili." Nikatoa Syombua mbele, Penelopi nyuma. Mwende akasema kutoka mlangoni, "Nyuma watalisahau." Nikatoa Penelopi kwa huyu na Syombua kwa atakayefuata. Susu akaniuliza kama mimi ndiye nitakayemzaa huyo atakayefuata. Nimepatana na madereva wa malori na wauza karatasi wa mjini, lakini siku hiyo nilifika mwisho wa bei zangu zote, nikazipitia upya, na mfuko ulikuwa mtupu kweli.

Mtoto akapiga chafya, na nikaona Susu ameinua kichwa haraka, kisha akajirudisha kwenye kiondo.

"Alikufa vibaya?" akauliza.

"Nani, mwaitu?"

"Huyo mwanamke wako. Hatupi mtoto jina la mtu aliyekufa vibaya."

"Hapana. Mumewe alirudi."

"Alikuwa mvivu?"

"Mvivu atasukaje kila siku?"

"Alipenda wale wanaume?"

"Hata mmoja. Walikula mbaazi zake bure."

"Mm." Sindano ikaenda, ikarudi. "Hebu sema ilivyokuwa. Wanawake wananisomea vipande vipande, na wanacheka kabla ya kufika."

Nikamsimulia yote bila kreti na bila honi. Mchana anasuka, usiku anafumua. Hapo akanisimamisha.

"Anafumua kiondo kile kile?"

"Ndiyo."

"Kila usiku?"

"Kila usiku."

"Ni mjinga?" Sasa alikuwa amegeuka, ananitazama. "Mkonge ukifumuliwa mara nyingi hutoa manyoya. Mwanamume yeyote aliyelelewa na msukaji ataona. Mwambie aanze viondo viwili, vitako vinavyofanana. Kimoja asuke mbele yao, usiku afiche, asubuhi atoe kile kichanga. Watajua nini? Wanatazama chakula."

"Mwaitu, hiyo ni nzuri kuliko yangu!" Nilisema kweli, nilikuwa nimeshasimama.

"Na asiwapikie muthokoi. Muthokoi ni kazi ya kutwa kuutwanga. Awape chai ya rangi."

Mwende akacheka mlangoni. "Na mumewe akirudi, Susu?"

"Akirudi amkute anasuka. Asikimbie kumkumbatia. Amwambie, 'Subiri nimalize mstari.'" Akavuta uzi. "Mimi babake Kyalo alipotoka Mombasa nilimwambia hivyo. Alisimama hapo na sanduku kichwani."

"Ni kweli," Kyalo akasema polepole. "Alikuwa akitusimulia."

Susu alikuwa amekiweka kiondo chini, jambo ambalo sikuwa nimeliona likifanyika mchana. Akaniuliza, "Huyo mtu, mpaka leo hakuna anayeitwa kwa jina lake Kasikeu?"

"Hakuna, mwaitu. Nimehakikisha."

"Basi nimemfundisha kazi mimi. Mtu niliyemfundisha kazi si mgeni kwangu." Akasimama, akakung'uta nyuzi. "Nipeni mimi hilo jina."

Hatukuelewa. Ilibidi atueleze kama watoto.

"Mimi ndiye Penelopi. Kuanzia sasa, wewe Mwikali ni shahidi. Penelopi Syombua. Nimeitwa, nimeitika. Sasa kama kuna mtu hapa ana mjukuu wa kike asiye na jina, na anataka kumpa jina la bibi mzaa baba kama inavyotakiwa, mimi niko hapa."

Lo! Nilimtazama yule mama. Maisha yangu yote nimepunguza bei, nimepandisha bei, nimeondoka nikijifanya sitaki ili niitwe. Sijawahi kuona mtu akichukua bidhaa yote ya mwenziwe, akaiweka begani, na mwenye bidhaa akabaki anashukuru.

Mwende alivuka zile hatua akilia na kucheka, akamweka mtoto mikononi mwake. Susu akamtazama mtoto kwa makini, akamwita kwa jina, na mtoto akapiga chafya nyingine. Tukakubali kwamba ameitika. Kyalo akaja akainama, mtu mzima, akamwambia yule mchanga, "Mwaitu." Wote wawili wakamtazama, mama mkubwa na mama mdogo.

Niliporudi nilikuwa na stensili mpya akilini: vitako viwili, chai ya rangi, subiri nimalize mstari. Ndiyo hadithi ambayo wengi wenu mnaijua, na mstari huo wa mwisho hunukuliwa hata harusini. Wa kwangu wa zamani ulikuwa busu. Hakuna anayeukumbuka.

Yule mtoto sasa yuko chuoni. Wiki hii amecheza hadithi hiyo na wenzake kwenye klipu, yeye mwenyewe akiwa Penelopi, na jana nilialikwa Kasikeu tuitazame pamoja. Susu Penelopi Syombua ameshika simu mbali na macho, analalamika, "Anashika kiondo kama anabeba mayai. Nani alimfundisha?" Wote tukamtazama. "Nilimfundisha vizuri," akasema, "hasikii." Kwenye klipu rafikiye anamuuliza msichana hilo jina la kigeni lilitoka wapi, naye anajibu bila kufikiri, "Kigeni wapi? Ni jina la susu yangu." Nikaomba irudishwe nyuma. Nikaisikiliza tena. Ni kweli alisema hivyo.

Hapo ndipo nikamsomea Susu ujumbe wako, kijana wa Kambu. Mwanamke mpumbavu, bure, Wayunani. Nilimsomea kwa upole, kama mtu anayetaka kukusaidia.

Alimaliza mstari.

"Mwambie alete mbuzi," akasema.

Nilikupigania, kijana. Uliza mtu yeyote aliyekuwepo. Nikasema, "Mwaitu, huyu ni mtoto tu, hata kuku angetosha."

Akanitazama juu ya miwani.

"Mbuzi mwenye mimba," akasema.